Mkopo wa mwaka mmoja kwa shahada ya miaka mitatu

Kisa hiki kinatoka kwenye SACCOS (chama cha akiba na mikopo) moja ya walimu ambako mwandishi ni afisa mikopo. Jina la mwanachama, wilaya, chuo na mwajiri vimeondolewa, na tarakimu zimesawazishwa kidogo ili mtu asitambulike. Mwanachama amesoma maandishi haya na kuridhia. Yameandikwa kwa ajili ya wajumbe wa kamati za mikopo, ila hata mzazi mwenye mtoto kidato cha sita anaweza kuyapitia akiwa na kalamu mkononi.

Usuli

Mwanachama ni mwalimu wa shule ya msingi, mama anayelea watoto wawili peke yake. Hapa tutamwita Mwalimu. Mwaka 2019 mshahara wake wa msingi ulikuwa shilingi 880,000. Ukitoa asilimia 5 ya PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma), bima ya afya asilimia 3, ada ya chama cha walimu asilimia 2 na kodi, alibaki na kama 659,000. Benki ilikuwa inamkata 180,000 kwa mkopo aliojengea. Mkononi zikaja 479,000.

Mtumishi wa umma anatakiwa abaki na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi baada ya makato yote. Kwa Mwalimu theluthi hiyo ni kama 293,000. Kwa hiyo nafasi ya kukatwa marejesho mapya ilikuwa kama 185,000 kwa mwezi, basi. Namba hiyo ndiyo inayoamua karibu kila kitu katika kisa hiki.

Binti yake mkubwa alimaliza kidato cha sita mwaka huo kwenye shule ya bweni ya serikali, mchepuo wa HGE (historia, jiografia na uchumi), akapata daraja la pili. Ada ya bweni kwa kidato cha tano na sita ilikuwa 70,000 kwa mwaka, ukiacha michango na nauli. (Ada hiyo ilifutwa mwaka 2022, binti akiwa anamaliza chuo.) Mzazi aliyezoea kulipa 70,000 hana kipimo cha kumwonyesha kinachokuja.

Kozi ilipatikana kwa njia ambayo walimu wenzake watacheka kwa uchungu. Dirisha la kwanza la maombi lilifunguliwa binti akiwa kambini JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), kwa mujibu wa sheria. Simu haipatikani, na tangazo la mwisho wa maombi linakaribia. Mtoto wa mjomba akaenda steshenari, akamjazia fomu akisaidiana na kijana wa pale. Vyuo viwili vya serikali walivyoomba vilijaa. Dirisha la pili wakaomba chuo binafsi Dar es Salaam, shahada ya usimamizi wa rasilimali watu, miaka mitatu. Kwa nini kozi hiyo? Kijana wa steshenari alisema nafasi zipo na sifa anazo. Uamuzi uliogharimu karibu milioni kumi na tano ulichukua muda wa kupiga chapa kurasa nne.

Fedha zilivyopangwa

Nyumbani kwa Mwalimu kulizungumzwa namba moja tu: ada, shilingi 1,850,000 kwa mwaka. Mara tatu ni milioni tano na nusu na kidogo. "Tutajibana," aliniambia alipokuja kuchukua fomu Oktoba 2019.

Bodi ya Mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu haikumpa binti kitu awamu za mwanzo. Akakata rufaa, ikakubaliwa chuo kikiwa kimeshafunguliwa: asilimia 40 ya ada, yaani 740,000 kwa mwaka, bila fedha za kujikimu. Maana yake bumu ambalo wenzake walikuwa wanalisubiri kwa hamu yeye halikumhusu. Ada iliyobaki, 1,110,000, ni ya mama. Chakula cha Dar kwa bajeti ya elfu tano kwa siku, siku 240, ni 1,200,000. Chumba nje ya chuo, 500,000. Halafu vile vidogo visivyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga kwa herufi kubwa: bima ya mwanafunzi 50,400, ada ya TCU (tume ya vyuo vikuu) 20,000, usajili, nakala, nauli za likizo, mafunzo kwa vitendo. Tulivikadiria 340,000. Jumla 3,150,000 kwa mwaka kutoka mfukoni mwa familia, na kwa miaka mitatu ni 9,450,000.

Hesabu hii niliifanya nikiwa na Mwalimu mezani. Haikuingia kwenye faili. Fomu yetu ya mkopo wa elimu iliuliza ada ya mwaka husika na hati ya kukubaliwa chuoni, na pengine ndiyo maana hakuna mjumbe hata mmoja aliyeiona milioni tisa na nusu siku ya kupitisha.

Mwaka wa kwanza

Masharti yetu ni ya kawaida: mkopo hadi mara tatu ya akiba, riba asilimia 1.25 kwa mwezi kwa salio linalopungua, wadhamini wawili, na kwa mkopo wa elimu muda usizidi miezi 24. Mwalimu alikuwa na akiba ya 1,100,000. Aliomba milioni tatu, akapewa. Rejesho la kwanza lilikuwa 162,500, ndani ya 185,000 zake. Faili safi kabisa, na kamati ilimaliza dakika chache.

Machi 2020 vyuo vikafungwa kwa sababu ya korona, vikafunguliwa Juni 1. Binti alirudi nyumbani, lakini mwenye nyumba Dar alikuwa ameshachukua kodi ya miezi sita mbele na hakurudisha hata senti. Zaidi ya miezi miwili ya chumba kitupu.

Mwaka wa pili: pengo la 1,650,000

Novemba 2020 Mwalimu alirudi. Alikuwa amelipa bila kukosa na salio limebaki 1,500,000. Akiba imefika 1,340,000, hivyo kwa kanuni ya mara tatu angeweza kudaiwa hadi 4,020,000. Kikwazo kilikuwa muda. Kwa miezi 24, deni la milioni nne lingedai rejesho la zaidi ya laki mbili kwa mwezi, na theluthi inakataa. Kamati ikampa kilichowezekana: mkopo mpya wa milioni tatu, nusu yake ikafuta deni la zamani, nusu akaondoka nayo.

Alihitaji 3,150,000 na ameondoka na 1,500,000. Aliuza mahindi na kuku na kuvunja kibubu cha VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopeshana), zikapatikana 650,000. Kaka yake akamsaidia 400,000. Zikabaki laki sita, na chuo kimesema asiyemaliza kiwango cha muhula haingii chumba cha mtihani.

Hakurudi kwetu kusema zimepungua. Angerudi kusema nini, wakati tulishamwambia ndipo mwisho?

Kadi "iko kwa mtu"

Agosti 2021 alikuja kuomba mkopo wa dharura wa 300,000. Mkopo huu tunautoa siku hiyohiyo, tunachotaka ni slipu ya mshahara na kadi ya benki ili kulinganisha jina na namba ya akaunti. Slipu alikuwa nayo na ilikuwa safi: SACCOS, benki, theluthi ipo.

"Shikamoo Mwalimu. Na kadi?"

"Marahaba mwanangu. Kadi... iko kwa mtu."

Anayefanya kazi na walimu hahitaji maelezo zaidi. Tangu katikati ya Novemba alikuwa amechukua 600,000 kwa mkopeshaji wa mtaani, wale tunaowaita kausha damu, kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi. Dhamana ni kadi na namba ya siri. Siku ya mshahara wanaongozana hadi mashineni, yule bwana anatoa 180,000 zake za riba, anamkabidhi mwenye mshahara zinazobaki, kadi inarudi kwenye droo. Mtaji haupungui mpaka siku utakayoleta laki sita kamili kwa mkupuo. Ilikuwa imeshapita mishahara tisa: shilingi 1,620,000 zimelipwa na deni bado ni laki sita ileile.

Makato hayo hayaonekani kwenye slipu. Ndiyo sababu faili lilikuwa safi huku nyumbani wakiishi kwa kama 137,000 kwa mwezi, watu wawili na mtoto wa sekondari akiwa mmoja wao, na mwingine Dar.

Uamuzi uliofuata

Kulikuwa na hoja mbili kwenye kamati. Mjumbe mmoja, mwalimu mkuu mstaafu, alitaka binti aahirishe mwaka wa tatu, mama apumue kwanza. Hoja yake ilikuwa na uzito: kuahirisha mwaka kunaruhusiwa, na njaa ya mtoto aliyeko nyumbani si ndogo kuliko shahada ya aliyeko chuoni. Wengine tukaona theluthi mbili ya gharama imeshazama, na cheti hakitolewi kwa theluthi. Kilichobaki kilikuwa 3,150,000, na ukiwa umebakiza hicho, shahada ambayo mwaka 2019 ilikuwa ya kubahatisha sasa inakuwa ya bei nafuu. Mtu akikuuzia kitu cha milioni kumi kwa milioni tatu unachukua, hata kama usingekinunua kwa kumi.

Tulipeleka ombi maalumu kwa bodi ya SACCOS ili muda uongezwe hadi miezi 36. Salio letu lilikuwa 1,875,000. Tukanunua deni la kausha damu kwa 600,000 baada ya wadhamini kwenda kuzungumza naye, kwa sababu mwanzoni alidai 780,000, yaani pamoja na riba ya mwezi uliokuwa unaanza. Tukaongeza 1,925,000 za mwaka wa tatu. Jumla 4,400,000, rejesho la kwanza 177,222. Theluthi ikabaki salama. Masharti yalikuwa mawili: kadi irudi mbele ya afisa mikopo na namba ya siri ibadilishwe siku hiyohiyo, na fedha za chuo zitoke kwa muhula.

Zilikosekana kama milioni 1.2, karibu sawa na chakula cha mwaka. Binti alishaanza kuzitafuta. Tangu vyuo vilipofunguliwa baada ya korona alikuwa anakaa jioni na wikiendi kwenye kibanda cha wakala wa huduma za fedha jirani na chuo. Alianza kwa kumshikia mwenye kibanda, akaishia kuachiwa floti, yaani mtaji wa kuhudumia wateja, usiku mzima wa mwisho wa mwezi, wakati foleni ni ndefu na salio la mtandao mmoja linakauka huku la mwingine limefurika. Mwaka wa tatu alijilisha mwenyewe.

Matokeo

Alihitimu mwishoni mwa 2022. Mwaka 2023 alijitolea miezi kadhaa kwenye ofisi ya utumishi ya halmashauri, bila posho ya maana, akijaza taarifa za likizo za watumishi. Aliomba kazi serikalini kupitia mtandao wa Ajira Portal, akaitwa kwenye usaili wa kuandika mara mbili, Dodoma zote, na hakuvuka. Nauli na malazi ya safari hizo vilitoka kwa mama. Akarudi kwenye uwakala, safari hii kibanda chake mwenyewe, na faida ya kama 250,000 hadi 300,000 kwa mwezi.

Mapema 2024 kampuni moja ya huduma za fedha ilitafuta wasimamizi wa mawakala. Tangazo lilitaka shahada au stashahada ya biashara, utawala au fani inayofanana, pamoja na uzoefu wa uwakala. Akapata. Mshahara wa msingi ni 480,000. Akitoa NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), kodi na makato ya Bodi ya Mikopo anabaki na kama 347,000, ukiacha posho ya usafiri.

Deni lake la Bodi lilikuwa 2,220,000 pamoja na asilimia 1 ya uendeshaji. Wahitimu wa miaka ya nyuma yake waliongezewa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya mkopo, tozo iliyofutwa mwaka 2021. Yeye iliondolewa kabla hajamaliza, bahati ambayo hakuna aliyeipanga. Makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kiwango kilichopandishwa kutoka asilimia 8 kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016. Kwake ni 72,000 kwa mwezi, na kwa mwendo huo deni linakwisha kwa kama miezi 31.

Mwalimu alimaliza mkopo wetu mwaka 2024 bila kuchelewesha rejesho hata moja. Binti humtumia 80,000 kila mwezi.

Uchambuzi

Tujumlishe kwanza. Gharama za moja kwa moja za familia ni 9,450,000. Riba ya SACCOS kwa mikopo yote mitatu, miezi 57, ni kama 1,646,000. Riba ya kausha damu kwa miezi tisa ni 1,620,000. Mkopo wa Bodi ni 2,220,000. Jumla inakaribia 14,936,000, kwa shahada ambayo mezani nyumbani ilikuwa "milioni tano na nusu".

Mjumbe asimame kidogo kwenye riba hizo mbili. Laki sita za mtaani kwa miezi tisa zimekula riba karibu sawa na ya kila kitu tulichomkopesha kwa karibu miaka mitano.

Laki sita hizo hazikuwa za lazima. Novemba 2020, kama kanuni yetu ingeruhusu miezi 36, Mwalimu angepata mkopo wa 4,020,000, ukomo wa akiba yake. Ukifuta salio la zamani angeondoka na 2,520,000. Rejesho la kwanza lingekuwa 161,917. Lile alilokubaliwa kwa miezi 24 lilikuwa 162,500! Yaani kwa makato pungufu ya aliyokuwa akikatwa, angeongeza mahindi, kuku na kibubu chake cha 650,000, angevuka mwaka wa pili, na fedha ya kaka yake isingeguswa. Riba ya ziada kwetu ingekuwa kama 461,000 kwa mkopo wote. Ukomo wa miezi 24 uliwekwa kumlinda mwanachama asikae kwenye deni muda mrefu. Ukamsukuma kwenye droo ya mtu.

Chanzo chenyewe kiko nyuma zaidi. Shahada inauzwa kwa mafungu, lakini uamuzi wake ni mmoja. Mzazi akishalipa mwaka wa kwanza hawezi tena kuuliza kama inafaa, kwa sababu kuacha ni kupoteza kila kitu. Kuanzia hapo atalipa bei yoyote itakayotajwa, na mkopeshaji wa mtaani analijua hilo kuliko sisi. Kwa hiyo mkopo wa elimu unaopitishwa mwaka kwa mwaka humpima mwanachama siku ambayo bado ana hiari, kisha humwacha siku ambayo hana. Kamati ilipima vizuri sana kama Mwalimu anaweza kulipa milioni tatu. Swali la kama anaweza kulipa tisa na nusu halikuwahi kuwekwa mezani.

Je, shahada yenyewe ilistahili? Nimesikia majibu mawili mafupi kutoka kwa wanachama na yote yananikera kidogo. La kwanza linasema binti ameajiriwa, basi imelipa. Tazama lakini: kibandani alikuwa anapata hadi 300,000, sasa anabaki na 347,000 na posho ya usafiri. Tofauti ya leo haitoshi kurudisha milioni kumi na tano kwa miaka mingi. Kilichomtofautisha kwenye usaili, kwa maelezo yake, ni maswali ya floti, ambayo wenye vyeti vizuri zaidi walishindwa kuyajibu. La pili linasema angefungua kibanda moja kwa moja baada ya kidato cha sita. Na bila cheti maombi yake yasingefika hata kwenye meza ya kuchuja, achilia mbali NSSF, bima, na ngazi ya kupanda baada ya deni la Bodi kwisha, ambapo 72,000 zitarudi mfukoni kwake.

Mimi nasema hivi: shahada hii kwa milioni kumi na moja ilikuwa biashara ya kuvumilika, na kwa kumi na tano ilikuwa ghali. Chuo cha serikali ambacho ada yake iko karibu na milioni moja kingeshusha bei kwa zaidi ya milioni mbili kwa miaka mitatu, na kungoja mwaka mmoja kuomba upya, binti akiwa ameshatoka kambini na kuchagua mwenyewe, kusingegharimu chochote zaidi ya maneno ya majirani. Mwalimu aliniambia maneno hayo ndiyo aliyoyaogopa zaidi kuliko ada. Mtoto wa mwalimu kukaa nyumbani mwaka mzima, na matokeo anayo!

Kilichofanya kazi ni kununua deni haraka. Kamati ingesubiri kikao cha kawaida cha robo mwaka, riba ingekula laki tano na arobaini nyingine. Kutoa fedha kwa muhula nako kulisaidia, kwa sababu mwaka wa tatu hakukuwa na kodi ya miezi sita iliyolipwa mbele kwa hofu ya kuila fedha.

Tulichobadilisha, na kinachobishaniwa

Fomu ya mkopo wa elimu sasa ina ukurasa wa gharama ya kozi nzima hadi mwaka wa mwisho, na mzazi anaujaza pamoja na mtoto, mtoto akiwepo kimwili. Kamati inapitisha ukomo wa kozi nzima mara moja, fedha zinatoka kwa muhula, na marejesho yanaweza kufika miezi 36. Kwenye mkopo wa dharura tunaendelea kudai kadi ya benki, maana imegeuka kuwa njia yetu ya kugundua nani yuko kwa kausha damu.

Wajumbe wawili hawajaridhika. Wanasema kupitisha kozi nzima kunafunga fedha za wanachama wengine miaka mitatu mbele, na kwamba mwanachama akistaafu au kufariki katikati, wadhamini watabeba mzigo ambao hawakuuona walipotia saini. Hoja hiyo ipo kwenye ajenda ya mkutano mkuu ujao. Mdogo wake binti anamaliza kidato cha sita mwakani, na Mwalimu ameshachukua fomu mpya.